Koti Langu Kizimbani

Jumatatu, 3 Juni 1996

Kosa la watu wengi wanaoanza shajara ni kungoja siku kubwa. Wananunua daftari, wanaandika jina kwenye jalada kwa mwandiko mzuri, kisha wanangoja harusi au msiba ndipo waanze. Nilifundisha miaka thelathini na moja na kila mwaka niliwaambia wanafunzi jambo hili: siku kubwa watu wataisimulia hata usipoandika, kila mmoja kwa namna yake. Andika siku ndogo. Hiyo hakuna atakayekukumbusha.

Basi leo ni siku ndogo. Ukungu umekaa hapa Lushoto mpaka saa sita mchana. Nimepanda miche ya kabichi mistari minne. Kipupwe kimeingia, nimelitoa koti la sufu sandukuni.

Alhamisi, 6 Juni

Nimepata wageni. Nikodemo, seremala, mtoto wa dada yangu, amemleta kijana wa Dar es Salaam anayeitwa Abdulaziz, mwenye kamera ya kubeba begani. Televisheni za watu binafsi hazijafikisha miaka mitatu nchini na tayari zimetufikia mlimani.

Anatengeneza filamu juu ya kesi ya Ulimboka. Naieleza kwa ajili ya atakayesoma daftari hili baadaye. Ulimboka ni mwimbaji wa dansi ambaye redio ilikuwa haimpumzishi. Alizaliwa kwenye mashamba ya chai upande wa Bumbuli. Baba yake alitoka Mbeya kuja kuchuma chai. Krismasi ya mwaka 1994 bendi yake ilipiga hapa mjini. Alfajiri ya tarehe 26 Pendo, binti pekee wa Rahabu wa sokoni, alikutwa korongoni kwenye barabara ya Magamba, amenyongwa. Watu walikuwa wamemwona akigombana na Ulimboka mlangoni mwa ukumbi. Polisi walimkamata mwimbaji huyo Mombo, akisubiri basi la Dar. Tangu hapo yuko mahabusu. Akitiwa hatiani, adhabu ni moja tu, kunyongwa.

"Shikamoo mzee wangu," Abdulaziz alisema. "Nimeambiwa wewe ndiye mwenye koti."

"Marahaba. Makoti yako mengi Lushoto."

"Kama hilo hakuna. Nataka Nikodemo alivae. Ndiye atakuwa muuaji."

Nikodemo alikuwa nyuma yake akitabasamu kama bwana harusi. "Mjomba, mimi nitatoka kwenye televisheni kabla ya mbunge."

"Huyo muuaji alikuwa amevaa koti?" niliuliza.

"Hakuna anayejua alivaa nini," alijibu Abdulaziz. "Lakini mtazamaji husahau sura, mzee wangu. Kiraka hakisahau."

Alikuwa anakitazama kiwiko changu cha kushoto. Pale pana kiraka chekundu alichokishona marehemu mke wangu, Jenoveva, chenye umbo la jani.

Nililivua nikampa. Kwetu huku mtu akikuomba nguo wakati wa baridi, unampa kwanza, maswali yanafuata. Mara nyingi hayafuati.

Ijumaa, 7 Juni

Wamepiga picha barabara ya Magamba tangu alfajiri. Nimeshinda na blanketi mabegani.

Jumapili, 9 Juni

Koti limerudi, lina tope na harufu ya sigara.

Jumamosi, 22 Juni

Ukungu. Kabichi zimeshika.

Jumatatu, 8 Julai

Karani wa mahakama ameniletea wito. Kikao cha Mahakama Kuu kitakaa hapa Lushoto, nami nimeteuliwa kuwa mzee wa baraza katika kesi ya Ulimboka.

Watu wengi hawaijui kazi hii. Katika kesi ya mauaji, jaji hakai peke yake. Hukaa na wazee wa baraza, raia wa kawaida, wanaosikiliza mashahidi wote, wanaruhusiwa kuuliza, na mwishoni kila mmoja anasema kwa mdomo wake kama anamwona mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji hafungwi na maoni yao, lakini lazima ayasikie. Tutakuwa watatu: mimi, Bi Mwanaisha aliyekuwa mkunga, na mzee Omari wa Soni ambaye nakumbuka alikuwa akisinzia hata kwenye mikutano ya ushirika.

Nitasema ukweli hapa. Ulimboka simpendi. Krismasi ile alipita mbele yangu na miwani ya jua katikati ya ukungu, bila shikamoo. Inabidi nilishike jambo hili mkononi na kuliangalia, lisije likakaa kitini kwa niaba yangu.

Jumamosi, 13 Julai

Filamu imefika kabla ya kesi. Wameionyesha ukumbi wa video, alasiri na tena jioni. Mimi sikwenda. Mzee wa baraza haruhusiwi kuamua kwa yale asiyoyasikia mahakamani, na nimejisifu kidogo moyoni. Nimekaa barazani nikiwaona watu wakipita. Walipita walimu wenzangu. Alipita Secilia, mwanamke wa Magamba auzaye kabichi, amejifunga kanga mpya kama anayekwenda kipaimara. Alipita Rahabu, mama wa marehemu, ameshikwa mikono na wanawake wawili.

Jumapili, 14 Julai

Baada ya ibada Nikodemo alinifuata. "Mjomba, koti lako sasa ni maarufu kuliko mimi. Sura yangu wameitia ukungu. Watu wanapiga kelele, 'Hilo koti, hilo koti.'"

Nilimwambia asinisimulie. Alicheka.

Rahabu naye alinisalimia. Amekonda. "Shikamoo mwalimu. Jana nimemwona."

"Umemwona nani, mama?"

"Aliyemuua mwanangu. Alivyoshuka vile korongoni."

Nilitaka kumwambia kuwa yule alikuwa Nikodemo, aliyemtengenezea kabati mwaka jana. Sikusema. Nilijiambia kwamba mzee wa baraza hazungumzii kesi.

Jumatatu, 22 Julai

Kesi imeanza. Karani alituuliza mmoja mmoja kama tunamjua mshtakiwa au tuna udugu na marehemu. Nilisema hapana. Koti lilinipitia akilini nikaliona dogo, kama mtu anavyoona kibanzi kwenye kidole.

Jaji ni mtu wa maneno machache. Ulimboka aliingia bila miwani. Sikutegemea awe mfupi hivyo.

Jumanne, 23 Julai

Mashahidi wawili wa ugomvi wa ukumbini. Walisikia sauti, hawakusikia maneno. Mzee Omari alisinzia.

Jumatano, 24 Julai

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi baridi ilikuwa kali, nikavaa koti. Tulikaa kama kawaida: jaji katikati, sisi pembeni, Bi Mwanaisha kushoto kwangu. Shahidi wa tatu akaitwa. Alikuwa Secilia.

Aliapa. Alisema alfajiri ile alikuwa anashuka kutoka Magamba na mzigo wa kabichi ili awahi lori, na pale korongoni alimwona mtu akipanda kutoka chini. Wakili wa serikali akamwuliza alikuwa nani.

"Ni yule," alisema, akimwonyesha Ulimboka.

"Ulimtambuaje?"

Secilia alifumba macho. Jambo hili nataka nilieleze vizuri. Mwongo hujibu haraka, au hutazama chini. Huyu alifumba macho kama mtu anayefungua mlango wa chumba na kuchungulia ndani.

"Kwa koti," alisema. "Koti refu la kahawia. Hapa," akagusa kiwiko chake cha kushoto, "lina kiraka chekundu, kama jani."

Kiwiko changu kilikuwa juu ya meza. Nilikishusha polepole nikakificha mapajani.

Wakili wa utetezi, kijana aliyetoka Tanga, alimsomea maelezo aliyoyatoa polisi mwezi ule ule wa Desemba: niliona mtu, ukungu ulikuwa mzito, sura sikuiona. "Mbona hapa hakuna koti?"

"Hawakuniuliza koti," alisema Secilia, na niliona kuwa ameumia.

Wakili aliketi. Hakuwa amekuja Lushoto tarehe 13, filamu ilipoonyeshwa. Lakini nusu ya watu waliokaa kwenye mabenchi walijua koti lile ni la nani. Wameliona mgongoni kwangu kila kipupwe. Hakuna hata mmoja aliyenitazama. Wote walimtazama Ulimboka, kana kwamba kiraka kiko kwenye shati lake. Naye alikuwa ananitazama mimi. Sijui kama aliona.

Wakati wa chakula Bi Mwanaisha alinisogelea, anamenya ndizi.

"Mwalimu, mkono wako leo una haya. Umekaa chini ya meza kama mwari."

"Ni baridi, Bi Mwanaisha."

"Baridi," alisema. "Mimi nimezalisha watoto wa wilaya nzima. Mtu akificha kitu chini ya nguo huwa najua."

Hakuendelea. Nilirudi nyumbani nimelikunja koti kwapani, natetemeka.

Alhamisi, 25 Julai

Mahakama haikukaa, gari lililokuwa likimleta shahidi wa mwisho limekwama kwenye tope njiani. Mvua nyembamba, ile isiyo na sauti.

Nimeshinda nikipekua madaftari ya zamani. Nilianza na wazo moja: huenda muuaji naye alikuwa na koti la kahawia lenye kiraka. Nililitaka sana wazo hilo liwe kweli, lingeniacha nikae kimya.

Saa nane nililipata. Daftari la mwaka jana, ukurasa wenye doa la mafuta ya taa:

Jumamosi, 15 Aprili 1995. Mvua. J. amelishona koti nililolichana kwenye seng'enge, ametumia sweta bovu la shule. Anasema kiraka kimetoka kama jani la mpeasi. Kesho Pasaka.

Ndiyo yote. Jenoveva alifariki Agosti ya mwaka huo. Ni sindano ya mwisho aliyoitia kwenye nguo yangu. Kiraka kimezaliwa karibu miezi minne baada ya Pendo kufa. Siku ya tarehe 26 Desemba hakikuwepo kwenye koti langu wala kwenye koti la mtu yeyote duniani. Secilia amekiona mahali pamoja tu, kwenye kitambaa cheupe cha ukumbi wa video.

Nikinyamaza, je? Nimeziandika sababu zangu ili nizione. Jaji hafungwi na maoni yetu. Kuna wazee wengine wawili. Huenda kweli Ulimboka ndiye aliyeua, nami nitakuwa nimemfungulia mlango muuaji kwa kipande cha sweta. Na watu watasema mwalimu Emanueli amenunuliwa na watu wa bendi.

Nikiwa naandika hayo Rahabu alipita na kikapu kichwani. "Onga mshi, mwalimu," alisema kwa Kishambaa, kisha akasimama. "Mungu akupe nguvu katika kazi hiyo. Nilipojua upo wewe pale, nilipata usingizi."

Nilimwitikia. Sababu zangu zote nne ziko hapo juu. Nimezisoma tena. Hakuna hata moja inayoonyesha kama Ulimboka aliua au hakuua. Zote zinanihusu mimi.

Ijumaa, 26 Julai

Nimesema. Nilimwomba karani aniombee nafasi, jaji akaagiza nisemee mahakamani, mbele ya mawakili na mshtakiwa, kwa kuwa jambo la kesi halisemwi pembeni. Nilisimama nimelishika koti. Nilieleza nilimwazima nani, lini, na kwa ajili ya nini, na kiraka kilishonwa lini.

Kisha jaji aliweka kalamu chini.

"Mzee Emanueli. Ulikaa hapa siku tatu. Kwa nini hukusema siku ya kwanza?"

"Niliulizwa kama namjua mshtakiwa, Mheshimiwa. Sikuulizwa koti."

Nilipolitamka nilisikia kuwa ni jibu la Secilia, karibu neno kwa neno. Nimemfikiria siku mbili kama mama mnyonge aliyedanganywa na picha. Kumbe tulikuwa benchi moja.

Jaji aliniondoa kwenye baraza. Alisema nitaitwa kama shahidi. Koti na daftari la mwaka jana vimechukuliwa kuwa vielelezo. Nimerudi kwa miguu na shati tupu, na Rahabu alikuwa getini. Hakunisalimia.

Jumamosi, 27 Julai

Baridi.

Jumatatu, 29 Julai

Nimeapa kwa Biblia nikasimama palepale aliposimama Secilia. Kutoka pale wazee wa baraza wanaonekana wako juu sana. Nikodemo alinifuata, akasema kwa sauti ya chini kuwa aliyeshuka korongoni kwenye filamu ni yeye.

Kisha Secilia aliitwa tena. Wakili wa utetezi alitaka kumshambulia, lakini jaji alimkatiza, akauliza mwenyewe, taratibu, kama anayemsomesha mtoto.

"Mama, fumba macho kama siku ile. Unaona nini?"

"Naona koti, Mheshimiwa."

"Linatoka wapi?"

"Linapanda kutoka korongoni. Ukungu unafunguka."

"Unasikia nini?"

Secilia alisikiliza. "Nasikia maji. Na muziki."

"Muziki gani?"

"Wa polepole. Wa msiba."

Alifumbua macho. Barabara ya Magamba, saa kumi na moja alfajiri, mwanamke na mzigo wake wa kabichi. Muziki huwa kwenye filamu, si korongoni. Niliona anaelewa mwenyewe, kabla hatujamwambia. Alishika ukingo wa kizimba.

"Mimi siongopi," alisema. "Naapa naliona mpaka sasa."

"Najua," alisema jaji.

Jumatano, 7 Agosti

Hukumu. Nilikaa nyuma kabisa.

Mzee Omari alisema ana hatia, kwa sababu aliyekimbilia Mombo alikuwa na cha kukimbia. Kumbe alikuwa anasikia. Bi Mwanaisha alisema, "Mheshimiwa, sijui kama hakuua. Ninachojua ni kwamba hapa sijaonyeshwa aliyeua. Nimeonyeshwa koti la mwalimu." Watu wengine walicheka, na kicheko kikafa upesi.

Jaji alisema ugomvi peke yake si ushahidi wa kuua, na mtu kwenda kusubiri basi si ushahidi wa kitu chochote. Amemwachia huru.

Nje, Ulimboka alizungukwa, wengine wakitaka kumgusa, wengine wakimzomea, na kamera ya Abdulaziz ikiwa juu ya vichwa vyote. Alipenya akanifikia. Karibu yake nimeona nywele zake zimeota mvi nyuma ya masikio.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Hujaniuliza."

Nilijua anachokisema. Sikumwuliza. Niliogopa majibu yote mawili. Alingoja kidogo, kisha akaenda.

Abdulaziz alikuja kunisalimia pia. Nilimweleza kuhusu Secilia na ule muziki. Hakuiwasha kamera tena siku ile. Alikaa kwenye ngazi za mahakama, ameilaza mapajani. Nilikuwa nimemwandaa moyoni kama mtu wa kulaumiwa. Lakini koti alikabidhiwa na nani? Nililivua mwenyewe.

Alhamisi, 8 Agosti

Mtu ameng'oa kabichi zangu, mistari yote minne.

Jumamosi, 10 Agosti

Nikodemo hajaja. Nasikia watoto wanamwita Muuaji, na mteja mmoja amerudisha kitanda.

Jumatatu, 12 Agosti

Nilikwenda karakana kwa Nikodemo, nikakaa mbele ya mlango mchana kutwa, ili watu waone. Tulikula mahindi. "Mjomba," alisema, "televisheni ina baridi kuliko Magamba."

Jumatano, 14 Agosti

Rahabu amekuja. Hakubisha hodi, alikaa kwenye kiti cha Jenoveva barazani.

"Umemtoa," alisema.

"Sheria imemtoa, mama. Nami nilikuwamo."

"Basi ni nani?"

"Sijui."

"Umesoma vitabu vyote hivyo ndani na hujui."

"Sijui, Rahabu."

Nilingoja anitukane. Lingekuwa jambo jepesi zaidi. Alikunja na kukunjua ncha ya kanga, na aliposema tena sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mwalimu, sikuja kwa ajili ya hilo. Krismasi ile, kabla hajatoka, alisimama jikoni nikamfunga vifungo vya mgongoni. Gauni nililishona mimi. Sasa nikimkumbuka, namwona yule msichana wa kwenye filamu, na gauni la njano. Pendo hakuwahi kuwa na gauni la njano. La kwake silioni. Nafumba macho, silioni."

Hili sikulitegemea. Nilidhani filamu ile ilitaka kumchukua mtu mmoja tu.

Rahabu alijifunza kuandika kwangu, darasa la elimu ya watu wazima, miaka ishirini iliyopita. Alikuwa anakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Niliingia ndani nikatoka na daftari jipya. Alilitazama kwa hofu.

"Niandike gauni? Nimekwambia silioni."

"Usianze na gauni. Anza na vifungo. Vilikuwa vingapi?"

Kisha mikono yake ikainuka yenyewe hewani, vidole vikaanza kufunga, kutoka chini kwenda juu, kwenye mgongo nisiouona. Alihesabu kwa midomo.

"Saba," alisema. "Cha juu kilikuwa tofauti. Nilikitoa kwenye shati la baba yake."

"Andika hicho."

Aliinama akaandika, akikandamiza kama zamani. Ukungu ulipanda mpaka kwenye ngazi, nami nikaenda kuchemsha chai ili asione kuwa namtazama. Niliporudi alikuwa amejaza ukurasa. Sikuusoma.

Nawe uliyefika hapa: lifunge daftari hili, chukua kalamu, na leo hii andika jambo moja dogo uliloliona kwa macho yako, la mtu umpendaye, utie na tarehe.